Ukurasa wa Mnyoo-Karanga

"Nimekujazia beseni, jirani, halafu unanitolea macho. Kosa langu liko wapi? Nyumba hii si tunajaziana?"

"Umewaua."

"Nimewaua akina nani? Minyoo?"

Jirani alikuwa amechuchumaa kando ya bomba la uani, upindo wa gauni lake la kazini umelowa, mikono imezama ndani ya beseni la bluu mpaka karibu na viwiko. Akainua kitu kinene kama kidole gumba cha mwanamume, kimevimba, kimepauka, kinaning'inia kwenye kiganja kama soksi iliyojaa maji. Akakirudisha. Akainua cha pili. Nacho kilikuwa hivyo hivyo. Cha tatu hakukiinua, alikigusa tu kwa ncha ya kidole, kama mtu anayemwamsha mgonjwa bila kutaka kumshtua.

Aliyejaza beseni alikuwa fundi cherehani wa chumba cha mbele, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Kipaza. Jina hilo hakuna aliyekaa akalitunga, lilikuja lenyewe: akinong'ona huku, mtu wa nyumba ya tatu anaitikia. Alipenda watu, alipenda habari zao, na chumba chake hakikuwahi kukosa mtu wa kukalia kile kitanda cha wateja. Lakini roho mbaya hakuwa nayo, na hilo ndilo lililokuwa likimchoma asubuhi hiyo.

Maji ya bomba katika nyumba ile hutoka kidogo tu kisha hukata. Kwa hiyo wapangaji walijiwekea desturi: anayekuwepo maji yakitoka hujaza vyombo vya wote. Chombo chenye mfuniko huachwa. Chombo kilicho wazi ni ombi. Na chombo kilichofungwa kitambaa chepesi juu ni ombi la mtu msafi, maana yake nichujie kutu ya bomba. Bi Kipaza alilikuta beseni la bluu limefungwa kipande cha chandarua, nusu tupu. Akafungulia maji juu ya kile chandarua, polepole, yasimwagike, mpaka yakajaa pomoni. Aliona ametenda jambo.

"Chandarua kilikuwa cha hewa," jirani alisema hatimaye. "Yale yalikuwa maji ya bahari. Wakitiwa maji baridi, yasiyo na chumvi, yanawaingia kwenye ngozi, wanavimba mpaka wanakufa."

Fundi Viatu, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda chake karibu na mlango wa uani, misumari midogo ikiwa mdomoni, alitoa mmoja na kusema, "Mnyoo wa baharini kufa maji. Nimeishi nikayaona."

"Wewe gonga soli yako," Bi Kipaza akamwambia. Kisha akamgeukia jirani. "Sasa, mwenzangu, kama ni vitu vya thamani hivyo, si ungeviweka chumbani kwako? Hapa ni uani. Hapa hata mtoto akiachwa wazi atajazwa maji."

"Chumbani kuna joto."

"Basi useme. Una mdomo. Tangu mwaka uanze hatusikii sauti yako, salamu ni kwa kichwa, mumeo ndiyo kabisa, anapita kama mheshimiwa. Mtu atajuaje una wanyama kwenye beseni?"

Jirani alisimama. Watoto walimwita Bi Chupa, kwa sababu kazi yake ilikuwa kutunza chupa za viumbe vya baharini katika stoo ya chuo, na hata siku za mapumziko mikono yake ilikuwa na harufu ya dawa. Alikuwa mwanamke mkimya, mkavu wa uso. Lakini wakati huo machozi yalikuwa yanamtiririka bila sauti, na hakuyafuta, labda kwa sababu mikono yake ilikuwa na maji yale.

"Hana muda," alisema. "Sina pa kumpatia muda mwingine."

Akabeba beseni, akaingia ndani.

Bi Kipaza alirudi kwenye cherehani. Alikuwa na gauni la bibi harusi la kumaliza, lakini mguu ulikataa kukanyaga. Yeye aliyejua nani wa mtaa wa nyuma amerudi kwao na masanduku, nani anamnunia mama mkwe, na kwa nini, hakujua jambo lililomliza mwanamke wa ukuta wa pili. Ukuta wenyewe ni mwembamba, ukikohoa unaambiwa pole. Aliona aibu mara mbili, ya kosa na ya kutojua.

Asubuhi iliyofuata Bi Chupa alipotoka na ndoo na uma wa bustani, alimkuta Bi Kipaza langoni, amevaa viatu vya mpira vya Fundi Viatu vilivyomzidi miguu.

"Nakuja nawe," alisema. "Usiniulize kama najua kuchimba. Sijui."

Bi Chupa alimtazama sana. "Maji yanakupwa vizuri leo kwa mara ya mwisho. Baada ya leo mchanga ule hautaonekana mpaka mwezi ugeuke. Sina nafasi ya kukufundisha mara mbili."

"Nifundishe mara moja. Mimi nasikia, tatizo langu ni kusema."

Walipita nyuma ya kiwanda cha barafu, wakapita karakana ya mashua ambapo watu walikuwa wakipiga randa bila kuinua vichwa, wakashuka penye ukuta uliobomoka. Bahari ilikuwa imeondoka mbali, imeacha uwanja mpana wa mchanga wenye tope na majani ya bahari yaliyolala upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Bi Chupa alitembea ameinama. Alimwonyesha mwenzake vishimo vya kaa, akasema hivyo siyo. Akamwonyesha vilima vya mchanga uliotemwa na minyoo mingine, akasema hivyo navyo siyo.

"Wetu, mnyoo-karanga, huacha kishimo kidogo tu, kama umechoma kwa sindano ya magunia. Anapenda hapa, mchanga ukichanganyika na tope, karibu na mizizi ya majani. Anaumeza mchanga wenyewe, anachukua kilicho cha kuliwa ndani yake, unaobaki anautoa. Ana ndugu zake wadogo wanaokaa ndani ya mawe ya matumbawe yaliyokufa, hao ngozi yao ngumu. Huyu ni wa mchangani."

"Na mbona mnamwita karanga?"

"Ukimgusa anaingiza kichwa na shingo yote ndani ya tumbo, anabaki donge. Ukimwona hivyo utadhani karanga iliyo kwenye ganda lake." Akapiga magoti. "Usimvute. Akishajikaza atakatika kabla hajatoka. Chimba pembeni, upite chini yake, umpakate."

Walichimba. Mchanga wa juu ulikuwa wa kijivu, wa chini mweusi wenye harufu ya yai viza. Shimo la kwanza lilikuwa tupu. La pili lilikuwa na mnyoo mwembamba mwenye pingili na miguu kama kitana, Bi Chupa akamrudisha mahali pake. Kwenye la tatu wakaona mkia ukishuka, na mara haukuonekana tena.

"Huyo amesikia sauti yangu," Bi Kipaza alisema.

"Basi nyamaza."

"Ningeweza ningekuwa tajiri wa marafiki, si wa wateja." Alijifuta jasho kwa bega. "Jirani, niambie jambo moja nife nalo. Nani hana muda?"

Bi Chupa aliendelea kuchimba. Alisema akiwa ameinamia shimo, na sauti yake haikubadilika, kama vile alikuwa bado anaeleza habari za mchanga.

"Mume wangu. Presha ya macho. Ilianza pembeni, ikala pembeni pote, sasa inakuja katikati. Anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Hospitali wamesema kilichokwenda hakirudi, matone yanachelewesha tu. Amechora kitabu kizima cha viumbe wa pwani, cha kusomeshea watoto. Umebaki ukurasa mmoja, wa mnyoo-karanga. Chuoni hawajui. Wakijua watampa mtu mwingine kalamu, kwa huruma. Yeye anataka aumalize mwenyewe, kisha macho yafanye yatakavyo."

"Si mnao kwenye chupa huko stoo?"

"Wote wamekufa wamejifungia. Walimwagiwa dawa ghafla. Ukimchora hivyo umechora donge. Lazima umpate hai, umlaze kwa maji yake mwenyewe, umtilie spiriti tone kwa tone, asijue. Akilegea kwa amani anatoa kichwa. Wale wa jana walikuwa wameanza kutulia."

Bi Kipaza aliacha kuchimba. Alikumbuka msiba wa mwenye nyumba, mwanzoni mwa mwaka. Alimpa Mchoraji, mume wa Bi Chupa, mkono, na mkono ule ukabaki hewani, yule bwana akapita mbele yake kichwa juu. Siku hiyo hiyo alikuwa amewaambia waliokalia kitanda chake cha wateja, na wao wakawaambia wa kwao, kwamba jamaa amepata cheo na anajidai. Habari ilikwenda mpaka sokoni ikarudi imenenepa.

Alitaka kusema jambo. Badala yake alitia mikono tena mchangani. Wakachimba, na bahari kwa mbali ikaanza kutoa sauti ya kurudi.

Walimpata karibu na ukingo wa maji. Bi Kipaza alipitisha viganja chini ya bonge la mchanga, akaliinua lote, na ndani yake kitu kikajikunja polepole. Hakupiga kelele. Alisema tu, kwa sauti ambayo hakuna mtu wa mtaani angeijua, "Nimempakata."

Wakamtia ndooni pamoja na mchanga wake na maji yake. Wakapata mmoja zaidi, mdogo. Kisha maji yakawafika vifundoni wakaondoka.

Chumba cha Mchoraji kilikuwa safi kama zahanati. Kila kitu kilikuwa na mahali pake, na Bi Kipaza alielewa sababu kabla hajaambiwa. Meza ilikuwa dirishani. Ukutani palibandikwa picha ya mnyoo huyo huyo aliyepasuliwa, iliyochorwa zamani kutoka kwenye chupa: misuli minne mirefu kama kamba za mfuko, na utumbo uliojisokota, unaokwenda mpaka mwisho wa mwili halafu unarudi ulikotoka.

"Unatokea wapi sasa?" Bi Kipaza aliuliza.

"Mgongoni, karibu na shingo," Mchoraji alisema. Alikuwa mwanamume mrefu, mtaratibu, aliyegeuza kichwa chote kumtafuta anayesema. "Anaishi amejichomeka shimoni. Ukitupa uchafu wako chini ya kitanda utalala wapi? Anautoa karibu na mlango."

"Kwa hiyo anajisaidia kwenye kola."

"Shemeji, nimetafuta neno hilo miaka mingi."

Akacheka, na mke wake, aliyekuwa akimimina maji ya bahari kwenye sinia, alisimama kidogo akamtazama mumewe acheke.

Kisha wakangoja. Bi Chupa alimlaza mnyoo kwenye sinia, akamtilia tone la spiriti, akaacha, akatia jingine. Jua lilihama kutoka mguu mmoja wa meza kwenda mwingine. Bi Kipaza alikaa juu ya mikono yake mwenyewe. Huko nje Fundi Viatu aligonga, akaacha, akagonga. Donge lilikaa donge. Ngozi yake ilikuwa na mistari ya kwenda chini na mistari ya kuzunguka, ikikatana vijisanduku vijisanduku kama kitambaa cha drafti, na mwanga ukiipiga ilimeta rangi kama ya lulu. Ndipo mbele, katikati, ngozi ikaanza kufunguka kutoka ndani.

"Kama mkono wa shati," Bi Kipaza alisema chini kwa chini. "Umeushona ndani nje, sasa unaugeuza."

"Sema tena," Mchoraji alisema, na tayari penseli ilikuwa inakwenda.

Alichora mwili akiwa ameinamia lenzi, akisogeza sinia kidogo kidogo, kipande hadi kipande, maana tundu lake la kuonea halikuchukua zaidi ya kipande. Aliunganisha vile vipande kichwani na kuvitia kwenye karatasi, na mstari haukutikisika. Shingo ikatoka yote, nyembamba, yenye vijipele vilivyolala kama magamba. Ncha yake ikachanua. Hapo ndipo alipokwama.

Mdomo ulizungukwa na pindo laini mno, jembamba kuliko karatasi ya sigara, likijikunja ndani ya maji. Mchoraji alisogeza lenzi mbele, akairudisha, akaisogeza tena. Penseli ilishuka ikapanda bila kugusa karatasi. Jasho lilimtoka kwenye kingo za nywele.

"Nikishika mkunjo mmoja, wa pili unanikimbia," alisema. "Nikiufuata wa pili, wa kwanza sijui ulikuwaje." Akaiweka penseli chini, sawasawa na ukingo wa meza. "Nimefika."

Bi Chupa aliweka mkono juu ya bega la mumewe.

"Nitakuelekeza mimi," alisema.

"Wewe umewaona wengi mno, mke wangu. Utaniambia wanavyopaswa kuwa. Huyu nataka nimjue yeye." Akageuza kichwa chote, polepole, mpaka akampata Bi Kipaza. "Shemeji, wewe hujui anapaswa kuwaje. Niambie unachokiona. Usinipambie."

Katika maisha yake yote Bi Kipaza hakuwahi kuombwa aseme bila kupamba. Aliinama juu ya lenzi. Moyo ulikuwa unampiga kama siku ya kwanza kukata kitambaa cha mtu.

"Macho yake yako wapi?" aliuliza, na neno lilipotoka angelipa chochote kulirudisha.

"Hana," Mchoraji alisema kwa upole. "Endelea."

"Siyo vidole," alianza. "Kwa mbali utadhani vidole, lakini siyo. Ni utepe mmoja mrefu umetiwa uzi ukavutwa, ukafanya marinda. Marinda hayalingani. Upande huu wa kwangu ni mapana, upande wa pili yamebanana. Kingo zake zimekatwakatwa kama lesi. Hapa nyuma, unakotoka ule utumbo, utepe haukukutana vizuri, pana nafasi ndogo. Kama fundi alipungukiwa kitambaa."

Penseli ikaanza kutembea. Aliangalia mnyoo, akaangalia karatasi.

"Hapo umekaza uzi mno. Legeza."

Akalegeza.

"Hilo rinda la tatu linalalia la pili. Halisimami. Eeh. Hivyo."

Iliendelea hivyo muda mrefu, sauti moja ikieleza na mkono mmoja ukifuata, na Bi Chupa amesimama nyuma yao. Mwisho Mchoraji alipuliza unga wa penseli juu ya karatasi. Mnyoo alikuwa pale, amelala mzima, kichwa nje, pindo lake la lesi likiwa na ile nafasi ndogo kwa nyuma.

"Sasa chukua kalamu, uandike chini," alimwambia mkewe. "Mwili umechorwa kwa kuonwa. Pindo la mdomo limechorwa kwa kuelezwa na jirani, fundi cherehani, kwa kuwa macho ya mchoraji hayakulifikia."

Bi Chupa hakuichukua kalamu. "Wakisoma hivyo watajua yote. Tumeficha tangu lini? Umemaliza. Hakuna atakayeona tofauti."

"Hakuna atakayeona, ndiyo sababu. Mtoto atakayefungua kitabu hiki ataamini kila mstari, hana wa kumuuliza. Siwezi kumwachia mstari nisiouona nikanyamaza."

"Watakuondoa."

"Nimeshaondoka, mama. Nimebaki kuaga tu. Andika."

Aliandika. Aliandika kwa mwandiko wake mdogo wa lebo za chupa, na alipofika kwenye neno macho kalamu ilisimama, kisha ikaendelea. Bi Kipaza alitoka nje bila kuaga, akavuta mlango taratibu.

Chumbani kwake walikuwa wamejaa kama kawaida, bibi harusi na shangazi zake wawili, na Fundi Viatu aliyefuata viatu vyake na kukaa. Shangazi mmoja alikuwa ameshaepua sufuria ya chakula.

"Haya, leta," Fundi Viatu alisema. "Umeshinda kwa wale tangu mchana. Kuna nini?"

Wote wakamgeukia. Ilikuwa habari kubwa kuliko zote alizowahi kushika, na ilikuwa mdomoni.

"Walikuwa wanachora," Bi Kipaza alisema. "Sogezeni miguu nipite."

"Kuchora tu?"

"Kuchora tu. Na lile neno la msibani, kwamba jamaa anajidai, nililisema mimi na nilisema uongo. Atakayelirudia namshonea suruali mguu mmoja."

Shangazi mmoja alicheka, akaona hakuna anayecheka, akaacha. Bi Kipaza alipakua. Sahani zilikuwa zinapokezwa watu walipotazama mlangoni.

Mchoraji alikuwa amesimama pale, mkono wake juu ya bega la mkewe, uso umeelekea kidogo pembeni ya walipo watu. Bi Chupa alikuwa amejifunga kitambaa kipya kichwani na alikuwa ameshika mkate uliofungwa, kama mtu asiyetaka kuonekana amekuja mikono mitupu.

"Hamjambo humu," Mchoraji alisema. "Nasikia mko wengi. Mnisamehe kama kuna niliyempita bila salamu mwaka huu. Macho yangu hayaoni pembeni, na mbele yanaelekea kuacha. Nilipaswa kusema mapema."

Akanyoosha mkono wake wa pili, wa salamu, ukabaki hewani. Fundi Viatu alisimama, akakitoa kigoda kilichokuwa njiani, akakaa chini sakafuni. Shangazi akasogea, na mwingine akasogea, mpaka kwenye kitanda cha wateja pakapatikana nafasi ya watu wawili.

Bi Kipaza aliweka mwiko chini. Alikwenda mlangoni, akaushika ule mkono uliokuwa hewani, akaushika kwa mikono yake yote miwili.

"Kizingiti kiko juu kidogo, shemeji, inua mguu," alisema. "Haya, piteni ndani mle, chakula kinapoa."